Seli Hazizaani Bila Amri

Seli za mwili hazizaani ovyo. Kila moja hungoja amri, nayo huletwa na protini ziitwazo vichocheo vya ukuaji. Kwa kuzigundua, Rita Levi-Montalcini na Stanley Cohen walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1986. Cohen aliipata yake katika tezi za mate za panya, kidogo kidogo. Siku hizi jeni ya protini hutiwa ndani ya bakteria, nao huitengeneza kwa wingi. Kisha mtaalamu huitia katika chupa yenye seli, zipate kuongezeka.

Je, yatuhusu nini sisi wafugaji wa Igowole? Tazama ndigana kali iletwayo na kupe. Kijidudu chake huingia katika seli nyeupe za damu ya ng'ombe, zikazaana bila kungoja amri ya nje. Mitoki huvimba, na mnyama asiyetibiwa mara nyingi hufa. Kufikia mwaka 1970 wataalamu wa Muguga, Kenya, walikuwa wamezikuza seli hizo chupani. Dawa ya buparvakuoni ikikiua kijidudu, seli hurudia kungoja amri. Basi tujifunze amri hiyo, wala tusiache kuogesha ng'ombe.