Pampu ya Mkono: Jinsi Inavyofungwa na Kutunzwa



Ukikosa sukari utakunywa chai kavu. Ukikosa mchele utasonga sima. Lakini ukikosa maji, hata hiyo sima haisongeki. Ndiyo sababu nimechagua kuandika juu ya chombo ambacho wengi wetu hapa Kwale tumewahi kushika mpini wake, lakini ni wachache waliowahi kuona tumbo lake. Chombo hicho ni pampu ya mkono. Katika makala haya nitaeleza inavyofanya kazi, inavyofungwa, inavyotunzwa na kwa nini nyingine hufa kabla ya siku zake.

1. Pampu za aina mbili

Tuanze na pampu ambayo wazee na kaka zetu wanaofanya kazi katika hoteli za Diani wanaijua: pampu ya bwawa la kuogelea. Hiyo huendeshwa kwa umeme. Ndani yake mna gurudumu lenye mapanga ambalo huzunguka kwa kasi. Maji hutoka bwawani, hupita katika kikapu kinachoshika majani na nywele, husukumwa kwenye tangi la mchanga ili yachujwe, kisha hurudi bwawani yakiwa safi. Fundi mzuri haiwashi pampu hiyo kabla ya kuijaza maji, kwa sababu mapanga yale hayawezi kuvuta maji yakiwa yanazungusha hewa tupu. Tena ikizunguka kavu kwa muda, hupata moto na mpira wake wa kuzuia maji huungua.

Sasa jiulize: mbona tusichukue pampu ya namna hiyo, tukaiweka juu ya kisima chochote? Jibu limo katika somo la fizikia. Kwa kweli pampu haivuti maji. Hutoa hewa katika bomba, halafu uzito wa hewa iliyoko nje ndio unaoyasukuma maji yapande. Uzito huo, hapa kwetu karibu na usawa wa bahari, hauwezi kuyapandisha maji zaidi ya meta 10 hivi. Kwa kazi halisi, meta 7 ndiyo salama. Bwawa la hoteli halina taabu, maana pampu iko kando ya maji. Lakini kama maji ya kisima yako meta 20 au 30 chini, hata ukileta pampu kubwa namna gani ukaiweka juu, itanguruma tu.

Dawa ni moja: tumbo la pampu lishuke likakae ndani ya maji, liyainue kutoka huko chini. Hivyo ndivyo ilivyo pampu ya mkono iitwayo Afridev.

2. Pampu iliyolelewa Kwale

Wengi hudhani pampu hii ilibuniwa Ulaya ikaletwa kwetu kama zawadi. Sivyo. Miaka ya 1981 hadi 1990 ilikuwa Muongo wa Kimataifa wa Maji. Wakati huo Umoja wa Mataifa na Benki ya Dunia walikuwa wakitafuta pampu ambayo wanakijiji wenyewe wangeweza kuitengeneza. Pampu za zamani zilikuwa na mabomba mazito ya chuma. Mpira mdogo ukichakaa huko chini, ilibidi mafundi waje na gari na vyombo vya kunyanyulia, wayatoe mabomba yote. Gari lisipokuja, basi.

Afridev ilibuniwa Kenya na Malawi katika miaka hiyo ya themanini, na hapa Kwale ndipo pampu za mkono zilipofanyiwa majaribio kuanzia mwaka wa 1983. Shirika la KWAHO lilishirikiana na serikali na wenyeji. Kinamama, ambao ndio wachotaji, waliingizwa katika kamati za maji na wakafundishwa kufungua na kufunga pampu, kazi ambayo watu wengi waliiona ni ya wanaume. Mpango wa pampu hii si mali ya kampuni yoyote. Kiwanda chochote kinaweza kuitengeneza mradi kifuate vipimo.

3. Sehemu zake

Juu ya ardhi kuna kichwa cha pampu, mdomo wa kutolea maji na mpini. Mpini hucheza juu ya bushi za plastiki. Chini yake kuna bomba la plastiki linaloteremka hadi majini. Ndani ya bomba mna rodi, yaani vyuma vyembamba vilivyounganishwa kwa kulabu, kimoja kinashika kingine.

Mwisho kabisa kuna silinda, na ndani yake mna vitu viwili vya kukumbukwa. Cha kwanza ni pistoni, iliyozungushiwa mpira na yenye mlango mdogo uitwao vali. Cha pili ni vali ya chini, ambayo hukaa kwenye kitako cha silinda. Ukishusha mpini, pistoni hupanda na kuyanyanyua maji yaliyo juu yake, na vali ya chini hufunguka maji mapya yaingie. Ukiuinua mpini, pistoni hushuka, vali ya chini hujifunga, na maji hupita katika mlango wa pistoni yakakaa juu yake. Ni kama mlango wa zizi: mbuzi huingia, hawatoki.

Uzuri wa Afridev ni kwamba pistoni na vali ya chini huweza kuvutwa zikapitia ndani ya bomba lile lile. Bomba lenyewe haling'olewi. Unahitaji spana moja na chombo cha kuvulia vali ya chini. Kwa hivyo watu wachache wa kijijini wanaweza kubadilisha mpira asubuhi, na mchana watu wakateka maji.

4. Jinsi ya kuifunga

(a) Mahali. Kisima kiwe mbali na choo, si chini ya meta 30, na kisiwe upande wa chini wa mteremko. Katika mawe ya matumbawe ya pwani uangalifu uzidi, kwa kuwa mawe hayo yana nyufa na uchafu hupita upesi.

(b) Vipimo. Pima kina cha kisima chote na mahali maji yanapoanzia, hasa wakati wa kiangazi. Silinda izame vizuri majini lakini isiguse chini. Acha nafasi ya meta moja au zaidi, la sivyo pampu itakula mchanga na mpira utakatika upesi.

(c) Sakafu. Stuli ya chuma inayobeba pampu husimamishwa wima kwa pima-maji na kushikwa kwa zege. Zege imwagiwe maji na iachwe kama wiki moja ikomae. Kuwe na mfereji wa kupeleka maji yaliyomwagika mbali, kwa mfano kwenye migomba.

(d) Mabomba. Ncha husafishwa, husuguliwa kwa msasa, hupakwa gundi ya plastiki na kuachwa zikauke. Hapa ndipo pasipotakiwa haraka. Kiungo kibaya kitavuja huko chini ambako hakuna jicho linaloona. Kisha watu hulishika bomba lote refu na kuliteremsha polepole kwa kamba.

(e) Rodi na mpini. Vali ya chini na pistoni huteremshwa, rodi zikifuata moja baada ya nyingine. Ya mwisho hukatwa kwa kipimo, mpini hufungwa na nati zote hukazwa.

(f) Dawa. Kisima hutiwa klorini kama afisa wa afya anavyoelekeza, kisha maji hupigwa na kumwagwa mpaka harufu iishe. Hapo ndipo watu hunywa.

5. Hesabu ya mtungi

Hebu tufanye hesabu kidogo, maana ndiyo itakayotusaidia kuijua pampu mgonjwa. Silinda ya Afridev ina kipenyo cha sentimita 5, yaani nusu kipenyo ni 2.5. Pistoni hupanda sentimita 22.5. Basi ujazo wa pigo moja ni:

3.14 × 2.5 × 2.5 × 22.5 = sentimita 441 za ujazo, yaani lita 0.44 hivi.

Mtungi wa lita 20 ukigawanya kwa 0.44 unapata mapigo kama 45. Kwa hiyo pampu nzima, ukipiga mpini mpaka mwisho wake, itajaza mtungi kwa mapigo 45 au zaidi kidogo. Ikifika 70, mpira umeanza kuchoka. Ikifika 100, usingoje.

Kipimo cha pili ni hiki. Piga mpaka maji yatoke vizuri, kisha acha nusu saa bila mtu kugusa. Rudi upige tena. Maji yakitoka kwa mapigo yasiyozidi matano, hali ni njema. Yakichelewa zaidi, maji yanarudi chini: ama vali ya chini inavuja ama kiungo cha bomba.

6. Dalili za ugonjwa na dawa yake

Mpini mwepesi na maji hayatoki kabisa: huenda rodi zimeachana, au maji ya kisima yameshuka chini ya silinda.

Maji yanatoka kidogo kidogo: mpira wa pistoni umechakaa. Badilisha.

Mpini unalia na kuyumba: bushi zimelika. Zikiachwa, chuma kitasuguana na chuma, na hapo utanunua mpini badala ya bushi. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Maji yana mchanga: silinda iko chini mno, au kisima kinajaa mchanga na kinataka kusafishwa.

Maji yana rangi ya kutu: vyuma vya ndani vinaliwa. Penye maji ya chumvi, kama visima vilivyo karibu na bahari, rodi zisizoshika kutu ni bora ingawa bei yake ni juu.

Nati zikazwe kila wiki na sakafu ioshwe kila siku. Mpira wa pistoni, vipira vya vali na bushi vibadilishwe kila mwaka hata kama pampu bado inatoa maji.

7. Kinachoua pampu

Sasa tuseme ukweli. Pampu nyingi haziuawi na uzee. Huuawa na kitu kidogo ambacho hakikununuliwa. Kuna kijiji ambacho pampu yake ilikaa kimya muda mrefu kwa ajili ya mpira unaoingia kiganjani. Watu walikuwa wakifunga mbuzi kwenye mdomo wake. Wakati huo wote wasichana walikwenda dimbwini. Na dimbwi si maji tu. Huku Msambweni tunaujua ugonjwa wa kichocho, ambao huingia kwa ngozi mtu akikanyaga maji yenye konokono wanaoubeba. Hata ukichemsha maji ya kunywa, miguu yako imekwisha kuchemka huko dimbwini! Tena msichana anayetembea mbali kutafuta maji alfajiri, shuleni hufika saa ngapi?

Mnamo mwaka wa 2013, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walifanya jaribio huko Kyuso, Kitui. Walitia kifaa kidogo ndani ya mpini wa pampu, kinachohesabu mpini unavyopanda na kushuka na kutuma habari kwa mtandao wa simu. Pampu ikinyamaza, fundi anajua. Kabla ya hapo pampu mbovu ilikaa wastani wa siku 27 hivi bila kutengenezwa. Baadaye zikawa chini ya siku 3. Kazi hiyo ililetwa Kwale pia, na kampuni ya mafundi iitwayo FundiFix ikaanzishwa kuhudumia pampu za Kwale na Kitui kwa malipo ya kila mwezi. Pampu zilikuwa zile zile. Kilichobadilika ni kwamba fundi alipata habari mapema, spea zilikuwa tayari na pesa zilikuwako.

Pesa ndiyo penye maneno. Tuseme nyumba 50 zinatumia pampu moja na kila nyumba inatoa shilingi 20 kwa mwezi. Hizo ni shilingi 1,000 kwa mwezi na 12,000 kwa mwaka. Watu wengi hungoja pampu ife ndipo waanze kuchanga, na hapo kila mtu ana sababu: huyu hana, yule kasafiri, mwingine anauliza pesa za mwaka juzi zilikwenda wapi. Kamati ichange pampu ikiwa nzima, na isome hesabu yake mbele ya watu. Kikao kimoja cha hesabu wazi kina nguvu kuliko mahubiri kumi ya kuwaomba watu watoe.

8. Kazi kwetu wanachama

Wenzangu, hatuwezi sote kuwa mafundi, lakini sote tunajua kuhesabu. Mwezi huu kila mwanachama aende kwenye pampu iliyo karibu na kwao, na afanye mambo haya:

1. Ahesabu mapigo yanayojaza mtungi wa lita 20, aandike na tarehe.
2. Afanye kipimo cha nusu saa na kuandika jawabu.
3. Asikilize kama mpini unalia, na aangalie kama sakafu ina ufa.
4. Amuulize mama au mzee wa kamati, kwa heshima: mpira wa pistoni ulibadilishwa lini?
5. Mwezi ujao arudie, kisha alinganishe.

Mapigo yakiongezeka kutoka 45 hadi 60, na kutoka 60 hadi 75, peleka daftari lako kwa kamati. Pampu haitakwambia kwa maneno kwamba inaumwa, lakini hesabu itakwambia, tena mapema, wakati dawa yake bado ni mpira mmoja.