Burudani kwa Wanyama: Mpaka Uko Wapi?



Kila sifa njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aliyetumwa kuwa rehema kwa walimwengu wote. Amma baad.

Ndugu msomaji, somo letu la toleo hili limetokana na safari. Siku chache baada ya Idi, wanachama wa jumuiya yetu tulikwenda kupumzika kwenye ufuo mmoja wa Ziwa Victoria. Tulipomaliza swala ya Adhuhuri na kula pilau, akatokea kijana mmoja na tumbili aliyefungwa mnyororo shingoni. Tumbili alikuwa amevalishwa fulana ya timu ya mpira. Kijana akivuta mnyororo, tumbili anapiga saluti. Akivuta tena, anapinduka kichwa chini miguu juu. Tulicheka. Tulipiga picha. Mimi mwenyewe nilitoa shilingi elfu moja ili tumbili akae begani mwangu, na picha ile nikaiweka kwenye kundi letu la WhatsApp.

Jioni, ndani ya basi, dada mmoja wa mwaka wa kwanza akauliza: "Kaka, lile tulilofanya pale ni halali?" Wako waliosema, "Yule ni mnyama tu." Wako waliosema, "Tumelipa, hatukumdhulumu mtu." Hakuna aliyeleta dalili. Mimi, ambaye huombwa kutoa darsa kila mwezi, nilinyamaza. Makala hii ni jibu langu kwake, ingawa limechelewa.

Dini haikukataza kumfurahia mnyama

Tuanze hapa ili tusiharamishe alichokihalalisha Allah. Katika Surat An-Nahl, kuanzia aya ya 5 hadi ya 8, Allah anataja neema za wanyama wa kufugwa: joto la sufi na ngozi zao, chakula, na kubeba mizigo. Lakini katikati ya manufaa hayo ametaja pia uzuri: uzuri wa kuwaona wakirudi jioni na wakitoka asubuhi kwenda malishoni. Kisha akataja farasi, nyumbu na punda, kuwa ni wa kupandwa na pia ni pambo. Kwa hiyo macho kuburudika kwa mnyama ni katika neema alizotukumbusha Mola wetu mwenyewe.

Mtume (S.A.W.) alikuwa akimtania mtoto Abu Umayr, mdogo wake Anas bin Malik, kuhusu ndege wake mdogo aliyekuwa akicheza naye. Hadithi hii imo katika Sahihi ya Bukhari, na wanazuoni wameichukua kuwa dalili ya kujuzu mtoto kuwa na ndege wa kumliwaza, madhali hateswi.

Aidha, Mtume (S.A.W.) aliandaa mashindano ya mbio za farasi Madina. Abdullah bin Umar (R.A.) anasimulia kuwa farasi waliofanyishwa mazoezi walishindanishwa kutoka Al-Hafyaa hadi Thaniyyatul Wadaa. Wale ambao hawakufanyishwa mazoezi walipangiwa masafa mafupi, kutoka Thaniyya hadi msikiti wa Bani Zurayq. Ibn Umar mwenyewe alikuwa miongoni mwa walioshindana. Zingatia jambo moja hapo, ndugu yangu: umbali wa mbio ulipimwa kwa uwezo wa mnyama. Farasi asiye tayari hakulazimishwa kukimbia masafa ya farasi aliye tayari.

Ibn Umar na vijana wenye mishale

Sasa tumtazame Ibn Umar huyo huyo katika tukio lingine. Sahihi Muslim imepokea kwamba siku moja alipita kwa vijana wa Kikuraishi waliokuwa wamemsimamisha ndege na kumfanya shabaha ya mishale yao. Walikuwa wamepatana na mwenye ndege kwamba kila mshale utakaokosa utakuwa wake. Walipomwona Ibn Umar wakatawanyika. Akauliza ni nani aliyefanya jambo lile, akamuombea laana ya Allah aliyelifanya, na akaeleza kuwa Mtume (S.A.W.) amemlaani mwenye kukifanya kitu chenye roho kuwa shabaha.

Hadithi hii ina mafunzo matatu yanayotugusa moja kwa moja.

La kwanza, mwenye ndege aliridhia na alilipwa. Vijana wale hawakuiba. Wangeweza kusema kama tulivyosema sisi ndani ya basi: tumelipa, hatukumdhulumu mtu. Lakini Ibn Umar hakuuliza habari za malipo. Ridhaa ya mwenye mali huondoa dhuluma baina ya mtu na mtu. Haiondoi dhuluma aliyofanyiwa mnyama, kwa sababu mnyama hakuulizwa na hana wa kumsemea.

La pili, lawama hazikumwendea mwenye ndege peke yake. Waliolaumiwa ni wale waliokuwa wakiburudika. Shilingi yangu elfu moja ilikuwa ni mshale wangu.

La tatu, walitawanyika kabla hajasema neno. Mtu anayekimbia kabla ya kukatazwa huwa tayari anajua. Nami nakiri kwamba tumbili alipokuwa begani mwangu niliona kidonda chini ya mnyororo wake, na nilitabasamu kwa ajili ya kamera.

Mtu mmoja, Ibn Umar, alishindana kwa farasi na akakemea mchezo wa ndege. Hakujipinga. Katika mbio, farasi anafanya jambo aliloumbiwa, kwa kadiri ya nguvu zake. Katika shabaha, maumivu na hofu ya ndege ndio mchezo wenyewe. Hapo ndipo mpaka ulipo.

Mama aliyenyang'anywa watoto

Huenda mtu akasema kuwa tumbili yule hakupigwa mishale, alicheza tu. Basi tujiulize amefikaje pale. Tumbili hazaliwi akijua kupiga saluti. Kwa kawaida mnyama wa aina hii huchukuliwa akiwa mdogo, na mama yake mara nyingi huuawa kwa sababu hamwachii mtu mtoto wake. Kisha hufundishwa kwa njaa na fimbo. Hapa petu Uganda tunao ushahidi: kisiwa cha Ngamba katika Ziwa Victoria kilianzishwa mwaka 1998 kuwa makimbilio ya sokwe yatima, waliookolewa mikononi mwa wawindaji na wafanyabiashara haramu.

Katika Sunan Abi Dawud imo hadithi ya Ibn Mas'ud (R.A.) kwamba Maswahaba wakiwa safarini walichukua makinda mawili ya ndege. Mama yao akaja akipigapiga mbawa. Mtume (S.A.W.) alipomwona akauliza ni nani aliyemtia uchungu ndege yule kwa watoto wake, na akaamuru arudishiwe. Maswahaba hawakuwa wameyaumiza makinda. Uchungu wa mama peke yake ulitosha kuwa hoja.

Na katika Surat Al-An'aam aya ya 38, Allah anatufahamisha kuwa wanyama wa ardhini na ndege warukao ni umma mfano wetu. Umma una mama, watoto na maisha yake. Haukuumbwa uwe kichekesho chetu.

Hoja zinazotolewa

"Mbona tunachinja?" Tunachinja kwa haja, kwa jina la Allah, na kwa masharti. Shaddad bin Aws (R.A.) amepokea, kama ilivyo katika Sahihi Muslim, kuwa Allah amefaradhisha ihsani katika kila jambo, hata katika kuchinja: kisu kinolewe na mnyama apunguziwe taabu. Ikiwa ihsani ni wajibu pale tunapohitaji chakula, itakosaje kuwa wajibu pale tunapotaka kucheka tu?

"Ni mila yetu." Wako ndugu zetu wa Pemba wanaojua mchezo wa ng'ombe, ambao watu huunasibisha na Wareno. Ng'ombe hauawi, huchokozwa kwa nguo na kelele ili awakimbize watu. Kule Kakamega, magharibi mwa Kenya, mafahali wawili hupambanishwa huku ngoma ya isukuti ikipigwa, mpaka mmoja akimbie. Michezo hii inakusanya watu na ina heshima kwa wenyewe, na si adabu kuidharau. Lakini mila hupimwa kwa sheria. Ipo hadithi ya Ibn Abbas (R.A.) katika Abu Dawud na Tirmidhi inayokataza kuwachochea wanyama wapigane. Wanazuoni wa Hadithi wameijadili isnadi yake, lakini maana yake inaungwa mkono na misingi tuliyoitaja, na mafakihi wamekataza kupiganisha majogoo na kondoo. Pakiingia kamari, kama inavyotokea penye mashindano mengi ya namna hii, basi imeongezeka haramu nyingine iliyotajwa wazi katika Surat Al-Maida aya ya 90.

"Mbio za ngamia je, si Sunna?" Asili yake inajuzu, ngamia wa Mtume (S.A.W.) aitwaye Al-Adhbaa alikuwa akishindana. Lakini jambo linalojuzu huweza kuharibiwa. Katika nchi za Ghuba, watoto wadogo kutoka Pakistan, Bangladesh, Sudan na kwingineko walipandishwa juu ya ngamia kwa sababu ya wepesi wao, wakaanguka na kuumia. Mwaka 2005, Qatar na Falme za Kiarabu zilipiga marufuku jambo hilo, na roboti zikawekwa mahali pa watoto. Dhuluma ya mtoto ilirekebishwa, alhamdulillah. Lakini roboti ile hubeba kiboko kinachoendeshwa kutoka mbali, kwa hiyo swali la ngamia bado lipo. Tusidhani kuwa jina la Sunna linatosha kuufunika mjeledi.

"Yule kijana anatafuta riziki." Kweli, na hii ndiyo hoja inayoniuma zaidi. Kijana yule alikuwa wa umri wetu, na pengine ada ya shule ndiyo iliyomfikisha pale. Lakini tukimlipa leo kwa tumbili huyu, kesho tumbili akifa atatafutwa mwingine msituni. Kumsaidia ni wajibu wetu. Kumsaidia kwa njia hii si msaada.

Furaha isiyo na dhuluma

Katika milima ya Bwindi hapa Uganda, na katika hifadhi ya Volkano kule Rwanda, watu husafiri kutoka pembe zote za dunia kuwaona sokwe wa milimani. Wageni wanaoruhusiwa kulitembelea kundi moja la sokwe hawazidi 8 kwa siku, na hukaa nalo saa 1 tu. Mwenye mafua hurudishwa, asije akawaambukiza. Sokwe wakiamua kuondoka, hakuna wa kuwazuia. Pale ni mwanadamu anayefuata masharti kwa ajili ya mnyama. Najua kibali kile hakinunuliki kwa posho ya mwanafunzi. Lakini kanuni yake haina bei. Kaloli wanaotua juu ya paa za mabweni yetu, na ndege wanaovua ziwani alfajiri, ni burudani ya bure kwa mwenye kutafakari.

Basi, ndugu msomaji, kabla hujacheka, kulipa au kurekodi, jiulize maswali manne:

1. Je, mnyama huyu anafanya alichoumbiwa, au amelazimishwa?
2. Je, kinachonifurahisha ni uzuri wake, au ni hofu, maumivu na fedheha yake?
3. Amepatikana vipi, na anaishi vipi mimi nikishaondoka?
4. Je, fedha yangu au video yangu itazidisha dhuluma hii?

Swali la nne linahusu sana simu zetu. Anayesambaza video ya mbwa akitishwa au nyani akilazimishwa kuvuta sigara analipa pia, kwa kuwa watazamaji ndio mtaji wa mwenye video.

Tufanye nini?

Nimeifuta picha yangu na kuwaomba radhi wenzangu niliowachekesha kwayo. Nimependekeza kwa kamati mambo mawili. Kwanza, katika safari zetu zote tusilipie maonyesho ya mnyama aliyefungwa, na kiongozi wa msafara alitangaze hilo kabla basi halijaondoka. Pili, sehemu ya mfuko wa sadaka itumike, tukirudi ufukweni, kuzungumza na kijana yule kwa upole na kumtafutia mtaji wa biashara ndogo. Tumweleze pia kuwa sheria ya wanyamapori ya Uganda ya mwaka 2019 inamtaka anayemiliki mnyamapori awe na kibali, asije akaingia matatani.

Na kwako dada uliyeuliza: hapana, tulichofanya pale hakikuwa sawa. Allah akulipe kheri kwa kuuliza tulipokuwa tunacheka.

Maswali ya darsa

1. Ibn Umar alishiriki mbio za farasi na akakemea mchezo wa ndege. Eleza tofauti ya mambo hayo mawili kwa maneno yako.
2. Taja mchezo mmoja wa wanyama unaofahamika kwenu, kisha uupime kwa maswali manne yaliyotajwa.
3. Mwenye mnyama ni maskini na hana kazi nyingine. Jumuiya ya Waislamu ina wajibu gani kwake?

Tunamuomba Allah atujaalie miongoni mwa wenye kurehemu ili nasi turehemiwe. Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.