Bomba Likibadilishwa, Hesabu Ibadilishwe



Tuseme pikapu yenu ya petroli imewekwa bomba la hewa la milimita 70 badala ya 60, ili injini "ipumue vizuri". Baadaye gari inakosa nguvu mlimani. Kwa nini?

Ndani ya bomba mna sensa: waya mwembamba wenye moto. Hewa ikipita huupoza. Kompyuta hupima umeme wa kuurudishia joto, ndipo inajua petroli ya kumwaga. Lakini hesabu yake ni ya bomba la zamani. Kwenye bomba pana hewa ile ile hupita polepole, na sensa huona karibu robo tatu tu. Petroli haitoshi, mkibeba mzigo mzito injini inaweza kuungua.

Mfanye nini?
1. Mrudishe bomba la zamani. Hiyo ndiyo njia rahisi.
2. Ama fundi mwenye kompyuta abadilishe jedwali la sensa, kisha ahakikishe marekebisho ya petroli yako karibu na sufuri. Kusafisha sensa peke yake hakutoshi.

Mjadiliane: Kwetu, nani ana ruhusa ya kukubali gari ya kikundi ibadilishwe? Vipuri vilivyotolewa viko wapi?