Nguruwe Akianza Kukohoa

Ndugu wanakikundi, hapa Eldoret tuko juu, zaidi ya mita 2,000, na baridi ya usiku wa mwezi wa saba si mchezo. Ndiyo maana wengi wetu huziba banda la nguruwe kwa magunia pande zote. Sisi pia tulifanya hivyo, halafu wakaanza kukohoa. Kumbe mkojo ukikaa pasipo na hewa hutoa ule mvuke unaowasha macho, nao hudhoofisha mapafu. Ukiingia bandani ukatokwa na machozi, jua nguruwe anaumia kuliko wewe, maana yeye hulala hapo chini.

Mapafu yakidhoofika, bakteria hupata nafasi. Mikoplasma huleta kikohozi kikavu cha wiki nyingi. Nguruwe anakula lakini hanenepi. Baadaye huja wengine, kama Pasteurela, na hapo utaona homa, kukataa chakula, na mbavu zikienda mbio akipumua. Mwite daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Dawa husaidia ikianzwa mapema na kumalizwa, na nyama isiuzwe kabla siku zilizoandikwa kwenye chupa hazijaisha.

Ukungu ni jambo lingine. Mvua ikitukuta wakati wa kuvuna, mahindi yaliyooza tunasema, "Hayo ni ya nguruwe." Jamani! Vumbi la mahindi hayo, au la nyasi na maranda yaliyooza, hubeba ukungu uitwao Aspajilasi. Ukiingia mapafuni, dawa ya bakteria haiuui. Tena sumu iliyomo katika mahindi hayo hupunguza nguvu ya mwili kupigana na magonjwa. Tandikeni maranda makavu, myatoe yakilowa. Zibeni upande wa chini anapolala, juu muache hewa ipite.

Lakini akiwa na homa kali, ngozi ya masikio na tumbo ikawa nyekundu au zambarau, na wengine wakafa haraka, huenda si mapafu tu. Huenda ni homa ya nguruwe ya Afrika, iliyoelezwa kitaalamu mara ya kwanza hapa Kenya mwaka 1921. Haimshiki mtu, ila haina tiba. Tunajua karo ya shule imo ndani ya nguruwe huyo, na mnunuzi yuko mlangoni. Msimuuzie. Mabaki ya nyama hiyo yakitupiwa nguruwe wa jirani, naye amekwisha. Mwambieni afisa wa mifugo kwanza.

Kwa mazungumzo: Mwanakikundi akipoteza nguruwe kwa kukataa kuuza mgonjwa, kikundi kitamsaidiaje?