Wiki ya Kwanza ya Daiya

Ndugu Waislamu, wamishionari wa Kijerumani waliofika milima ya Lutindi, Korogwe, walianza mwaka 1896 kwa kulea watoto waliookolewa utumwani. Baadaye wakahudumia wagonjwa wa akili, na hospitali hiyo ipo hadi leo.

Je, daiya wetu kijana akitumwa ugenini, wiki ya kwanza hutafuta nini? Mara nyingi ni kipaza sauti na mhadhara wa mabishano.

Mus'ab bin Umayr (r.a.) alipotumwa Yathrib alifikia kwa As'ad bin Zurara, akasomesha Qur'an. Usayd bin Hudhayr alipomjia na mkuki, alimwomba kwa upole aketi asikilize, asipopenda, angeacha. Usayd akasilimu.

Basi tujiulize: kabla ya kuhutubia, tumemlea yatima yupi, tumemjulia hali mgonjwa gani?

Wabillahi tawfiq.