Gesi Asilia Katika Injini ya Petroli

Mwaka 1974 gesi asilia iligunduliwa Songo Songo, wilayani Kilwa. Ilipita miaka 30 kabla ya gesi hiyo kufika Dar es Salaam, mwaka 2004, kwa bomba lenye urefu wa zaidi ya kilomita 200. Kazi yake kubwa ni kuzalisha umeme, lakini sehemu yake hutiwa katika magari. Je, injini iliyobuniwa kwa petroli yawezaje kutumia gesi?

Tukumbuke kwamba injini hiyo haichomi petroli ikiwa majimaji. Huchoma mvuke wake uliochanganyika na hewa, kwa cheche ya plagi. Methani, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya gesi asilia, tayari ni gesi. Tena hustahimili kugandamizwa sana pasipo kuwaka kabla ya cheche.

Tatizo hasa ni namna ya kuibeba. Katika kanieneo la kawaida la hewa, mita 1 ya ujazo ya gesi ina nishati inayokaribiana na ya lita 1 ya petroli. Gari lenye tangi la lita 40 lingelazimika basi kukokota puto lenye ukubwa wa chumba kizima! Kwa hiyo gesi hushindiliwa hadi kanieneo lifikie takriban mara 200 ya lile la hewa. Hapa mwalimu aweza kuitumia Kanuni ya Boyle: mtungi wa lita 60 utabeba 60 × 200, yaani lita 12,000, au mita za ujazo 12. Kwa kweli hubeba karibu 15, kwani molekuli za methani zikisongamana huvutana, na kanuni hiyo haihesabu mvutano huo. Hata hivyo, mtungi huo mzito hula nafasi ya mizigo na kumpa dereva mwendo wa lita 15 tu za petroli. Teksi ya mjini yatosheka. Msafiri wa Dodoma hatosheki. Ndiyo maana magari mengi yaliyobadilishwa huachiwa tangi lake la petroli.

Wengi huogopa mlipuko. Methani ni nyepesi kuliko hewa, hivyo ikivuja mahali pa wazi hupaa na kutawanyika. Hatari ni katika banda lililofungwa, inapojikusanya chini ya paa: ikifikia baina ya asilimia 5 na 15 ya hewa, cheche moja yatosha. Mtungi wa gesi ya kupikia, uliotengenezwa kwa kanieneo dogo mno, usitumiwe kamwe kwa kazi hii.

Kwa joto lile lile, methani hutoa kaboni dioksidi pungufu ya petroli kwa takriban robo. Lakini ikivuja bila kuungua, hunasa joto la angahewa kuliko kaboni dioksidi yenyewe.