Hesabu Pumzi za Mtoto kwa Dakika Moja Kamili

Mtoto anakohoa, mafua yanamtoka, mwili una joto. Ni kikohozi cha kawaida au nimonia? Miaka ya 1980, Dkt. Frank Shann na wenzake huko Papua New Guinea walionyesha kwamba kasi ya kupumua husaidia kutofautisha hayo mawili hata pasipo picha ya eksirei. Katika miaka hiyohiyo, wahudumu wa afya wa vijiji wilayani Bagamoyo walipita nyumba kwa nyumba wakiwafundisha akina mama dalili za nimonia na kuitibu mapema. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1986 yalionyesha kuwa vifo vya watoto vilipungua. Maarifa hayo ni yako pia, mzazi.

1. Mtulize. Mtoto anayelia, anayenyonya au aliyetoka kucheza hupumua haraka. Mpakate mpaka atulie. Akiwa amelala, usimwamshe.

2. Mfunue kifua na tumbo. Kaeni penye mwanga. Tumbo likipanda na kushuka, hiyo ni pumzi moja.

3. Tazama saa, hesabu dakika nzima. Usihesabu nusu dakika ukazidisha mara mbili. Mtoto mchanga hupumua mbiombio, akasita kidogo, kisha akaendelea. Nusu dakika inaweza kuangukia kwenye mbio au kwenye kusita, ikakudanganya. Akianza kulia katikati, mtulize, uanze upya.

4. Linganisha na umri. Anapumua haraka akifikisha:
- pumzi 60 au zaidi, chini ya miezi 2 (hesabu mara ya pili kuhakikisha);
- pumzi 50 au zaidi, miezi 2 hadi 11;
- pumzi 40 au zaidi, mwaka 1 hadi kabla ya kutimiza miaka 5.

Kwa hiyo pumzi 44 ni za kawaida kwa mtoto wa miezi 8, lakini ni nyingi kwa wa miaka 2.

5. Angalia chini ya mbavu. Anapovuta hewa, sehemu ya chini ya kifua ikibonyea ndani badala ya kutanuka, mapafu yanaelemewa.

6. Ondoka mapema. Ukiona kupumua haraka au kifua kubonyea, mpeleke zahanati siku hiyohiyo. Aliye chini ya miezi 2 mpeleke hospitali moja kwa moja. Mtoto wa umri wowote akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege, akilegea au akiwa mgumu kuamka, au akikoroma anapovuta hewa ilhali ametulia, kimbilia hospitali saa hiyohiyo, hata kama hesabu ni ya kawaida.

7. Taja namba yako. Mwambie mhudumu ulihesabu ngapi na saa ngapi, naye atahesabu tena. Ukipewa dawa, mpe mtoto dozi yote hata akichangamka, na umrudishe kwa tarehe uliyopangiwa. Hali ikizidi kabla ya hapo, usisubiri tarehe.